Tailizi za mfano wa mbao sebuleni: naomba ushauri kabla sijalipa

MamaTunu_Tanga

Wakuu habari za jioni, shikamoo kwa wanaostahili.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini, maeneo ya Kange. Nyumba tumehamia mwaka wa saba huu, sakafu ni niru, ile saruji laini ya rangi nyekundu. Kila Ramadhani ikikaribia naipiga nta mpaka mgeni anaona meno yake chini. Mwaka huu magoti yamegoma. Mchezo wetu wa kina mama, ule wa kupeana hela kwa zamu, umenifikia, nimepokea, na nimeapa hela hii haitaishia kwenye sare za harusi ya mtu. Nataka tailizi zinazofanana na mbao, sebuleni na kwenye korido.

Mtaniuliza kwa nini mbao. Nililelewa Lushoto kwa shangazi, nyumba ya zamani, chini mbao tupu. Mwezi wa saba kule baridi inakata, lakini ubao hauumi mguu kama saruji. Na ulikuwa unasema: shangazi akitoka chumbani usiku tunajua amefika ubao wa ngapi, tunazima redio. Najua tailizi haitasema wala haitanipasha mguu, msinikumbushe. Nataka macho tu. Mbao yenyewe kwa unyevu wa Tanga, na mchwa walivyonimalizia fremu mbili za milango, sithubutu.

Sebule ni mita 5.4 kwa 4.2. Korido urefu 6.5, upana 1.2.

Nimezunguka maduka matatu. Saizi nilizokuta ni 15 kwa 60, 15 kwa 90 na 20 kwa 120. Hii ya mwisho ndiyo imenichanganya, ndefu kama ubao kweli. Lakini muuzaji alipozipanga sita chini nikaona jambo. Kuna jicho la mti lenye mkia, kama kiluwiluwi. Lipo kwenye tailizi ya kwanza, na lipo tena kwenye ya nne, kiluwiluwi kilekile, mkia kulekule. Mimi nakata vitenge kila siku, jicho langu linatafuta ua linapojirudia hata nisipotaka. Nikamwonyesha, akasema "mama, nani atakaa aangalie chini?" Mimi. Cherehani yangu iko sebuleni.

Mafundi wamekuja wawili. Wa kwanza anasema atapanga kama tofali, nusu kwa nusu, kwa mchanga na saruji juu ya niru hiyohiyo, siku mbili kazi imeisha. Wa pili kagonga sakafu kwa kisigino, akaguna, akasema niru lazima ichongwechongwe yote kwanza, halafu nitumie gundi ya mifuko, na bei yake karibu mara mbili ya mwenzake. Sijui nani ananiibia. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: niamini yupi, nichukue saizi ipi, na maboksi mangapi?

---

Mzee_wa_Niru

Dada, kwani niru imekukosea nini? Miaka saba haijapasuka, haijabenuka, ukitaka rangi nyingine unabadilisha kopo. Mpe kijana wa jirani buku tano akupigie hiyo nta, magoti yapumzike. Hela ya mchezo nunua overloki.

Haya, natania. Lakini overloki nimesema kweli.

---

Kilindini_Juu

Salaam kutoka Mombasa. Mie si fundi, nina la kusema moja tu.

Tuliweka hizi za mfano wa mbao nyumbani kwa mamangu, Likoni. Ndugu yangu akachagua za kung'aa, ati zapendeza, zarudisha mwanga. Kwanza, mbao gani yang'aa kama sahani? Pili, msimu wa mvua za masika watu waingia na miguu maji, na pale mlangoni mamangu akateleza akaanguka na sinia ya mahamri. Alhamdulillahi hakuvunjika, ila mkono ulimvimba wiki mbili. Twaweka mkeka pale hadi leo, na chini ya mkeka ndiko ziliko hizo tailizi za pesa nyingi.

Dada, dukani mwombe muuzaji ailaze moja chini, umwage maji na sabuni kidogo, uvue viatu ukanyage. Usione haya. Ukihisi mguu watembea wenyewe, irudishe. Chagua zile zisizo na mng'ao, ukipitisha kidole wasikia mistari ya mbao. Si zenye mikwaruzo mikubwa kupita kiasi, maana hizo nazo hula kitambaa cha kupigia deki na uchafu wakaa mle ndani.

---

FundiMwiko

Dada, marahaba kama nimekuzidi, na shikamoo kama umenizidi.

Mimi ni fundi tailizi, niko Mbagala, kazi hii naifanya tangu 2007. Wewe umeanza na picha ya juu, mimi kila siku naanza na kilicho chini ya picha, kwa hiyo nitajibu kwa kurudi nyuma.

Fundi wako wa pili ndiye fundi. Hiyo bei kubwa ni ya jasho la kuchonga, hujaibiwa. Fanya jaribio hili leo usiku: mwaga maji kikombe kimoja juu ya hiyo niru yako. Nadhani yatasimama vidonge vidonge kama juu ya jani la gimbi. Hiyo ni nta ya miaka saba. Kama maji yamekataliwa, saruji na gundi zitakataliwa vilevile. Tailizi zitakaa miezi, zitaonekana nzima, halafu utaanza kusikia ukipita "ngo, ngo", na siku ukiangusha mkasi mahali penye uwazi, imepasuka. Kwa hiyo tindo na nyundo, au grainda ya kuparua, sakafu nzima mpaka uone saruji mbichi ya kijivu, ifagiliwe, ioshwe, ikauke. Vumbi litakuwa jingi mno, vitenge vya wateja vihamishie kwa jirani kabla.

Sasa habari ya kupanga nusu kwa nusu. Nenda dukani, chukua tailizi mbili kutoka boksi moja, zikutanishe uso kwa uso kama unavyokutanisha vipande viwili vya nguo kabla hujashona. Shika katikati zigusane, halafu angalia kwenye ncha. Utaona mwanga unapita. Tailizi ndefu inapita kwenye tanuru la moto mkali, haitoki imenyooka kama rula. Katikati inanyanyuka kidogo, ncha zinashuka. Karibu zote ziko hivyo, tofauti ni kiasi. Ile nafasi ya kwenye ncha ukiigawa kwa mbili ndio mpindo wa tailizi moja.

Ukizipanga kama tofali, ncha mbili zinakutana pembeni mwa katikati ya jirani yao. Yaani palipo chini kabisa panakaa sambamba na palipo juu kabisa. Kila kiungo kinazaa kijino. Mchana jua likiwa juu ya paa huoni kitu, unalipa, unashukuru. Jua la jioni likiingia dirishani kwa ubavu, kila kijino kinatoa kivuli chake, sebule nzima inaonekana kama magamba ya samaki. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo mara nyingi, na mwenye nyumba huwa anaanza kwa kulaumu tailizi.

Dawa ni kusogeza theluthi moja, isizidi. Kwa ya sentimita 90 ni 30, kwa ya 120 ni 40. Maboksi mengi yana mchoro unaosema hivyohivyo, ila boksi huwa linatumika kukalia. Na usikubali theluthi iende kwa kurudiarudia kama ngazi, macho yataiona hiyo ngazi tu. Mwambie achanganye, mstari huu 30, unaofuata 18, unaofuata 25. Sakafu ya mbao ya kweli haikupangwa na mtu mwenye rula.

Zile klipu za plastiki za kubana usawa ni nzuri, ninazo ndoo nzima. Ila klipu inavuta kingo mbili zilingane, haiwezi kuinyoosha sakafu yenye kishimo. Inainyanyua tu tailizi na kuacha uwazi chini yake, unarudi kwenye ile "ngo, ngo". Kwa hiyo kabla ya kuchagua urefu, azima rula ya alumini ya mita 3, ilaze sakafuni kila upande, hata mshazari. Kwa tailizi za urefu huu, nafasi chini ya rula isizidi milimita 3. Ikizidi, ama usawazishe, ama uchukue fupi. Ya 15 kwa 60 inasamehe mengi. Ya 120 haisamehi hata kidogo.

Gundi. Geuza tailizi, dondoshea maji mgongoni. Yakinyweka haraka, hiyo ni seramiki. Yakikaa juu yanakuangalia, hiyo ni poseleni, ambayo inanyonya maji chini ya asilimia 0.5. Poseleni ni ngumu, inadumu, kwa sebule na korido yenye msongamano ningechukua hiyo. Lakini kwa sababu hainywi, saruji ya kawaida haina pa kujishika mgongoni mwake. Wazee wetu walikuwa wanaloweka tailizi kwenye pipa kabla ya kubandika, na kwa seramiki ilikuwa sawa. Poseleni ukiiloweka unaiogesha tu. Inataka gundi yake ya mfuko, mwiko wa meno ya milimita 10, mistari ya gundi iende upande mmoja isizungushwe kama chapati, na mgongo wa tailizi nao upakwe gundi nyembamba. Kisha, na hili umsimamie mwenyewe, ile ya tatu au ya nne aliyobandika mwambie aing'oe. Mgongo wote uwe umeloa gundi. Ukiona madoa matano kama vitumbua, msimamishe. Mfuko wa kilo 20 kwa kazi hii unakula kama mita 4 za mraba, kwa hiyo mifuko 8 mpaka 9 usishtuke.

La mwisho, hili lilinigharimu mimi mwenyewe. Mwaka 2016 nilifanya sebule kubwa, kama mita 60 za mraba, nikazibana tailizi mpaka ukutani pande zote, kingo kwa kingo, nikajisifu hakuna hata uwazi wa wembe. Mwezi wa pili uliofuata, saa nane mchana, mwenye nyumba ananipigia anadhani ni bomba limepasuka. Mistari miwili ya katikati imenyanyuka kama hema. Chini saruji inasinyaa ikikauka, juu tailizi zinapata joto zinatanuka, pembeni ukuta haujasogea, zitaenda wapi? Nilizing'oa na kurudishia kwa hela yangu. Tangu hapo naacha milimita 6 mpaka 8 kuzunguka kuta zote. Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, inaficha. Humo msijaze saruji wala grauti, ile ya kujazia mistari kati ya tailizi, paachwe wazi. Na kati ya tailizi na tailizi weka spesa, vile vipande vidogo vya kuachanisha, za milimita 3, hata kama muuzaji atakwambia hizi zimekatwa kingo kwa mashine zinaweza kugusana.

Hesabu yako: sebule 22.68, korido 7.8, jumla 30.48. Ongeza asilimia 15 kwa vipande, maana mbao zinakatwa sana mwishoni mwa mistari, unafika mita 35. Angalia boksi lina mita ngapi, gawa, ukipata nukta pandisha juu.

---

Chumbageni_Hadwea

Mimi nauza vifaa hapahapa Tanga, kwa hiyo nimecheka hapo kwa "nani atakaa aangalie chini".

Niongezee upande wetu. Pembeni mwa boksi kuna namba mbili tatu zimepigwa muhuri, mara nyingi tofauti na maandishi mengine. Moja ni ya rangi, nyingine ni ya kipimo. Jina la tailizi likiwa lilelile na namba ya rangi ikawa tofauti, ukizipanga pamoja utaona sebule ina kiraka. Namba ya kipimo ikitofautiana, urefu unaachana milimita moja hivi na mistari yako haitanyooka. Kwa hiyo nunua zote siku moja na ukague boksi moja moja kabla gari halijaondoka, si ukifika nyumbani. Ukirudi baada ya miezi mitatu kutafuta maboksi mawili ya nyongeza, nitakuuzia, lakini nitakuuzia kwa jina tu.

Na kuhusu picha kujirudia: huwa zinachapwa kwa mashine, kiwanda kinatengeneza sura kadhaa halafu zinazunguka. Za bei ya chini zina sura nne, tano. Nzuri zinakwenda kumi, ishirini na zaidi. Muuzaji wa kweli atakufungulia maboksi mawili uzipange chini uhesabu. Akikataa, njoo kwangu.

---

MamaTunu_Tanga

Jamani asanteni. Mzee wa Niru, overloki ninayo.

Nimefanya kazi mlizonituma. Maji yamesimama vidonge, FundiMwiko ulikuwa kama umeniona. Rula nimeazima kwa wajenzi wa jirani. Sebuleni pazuri, isipokuwa mbele ya mlango mkubwa, rula imeacha nafasi ya milimita 9. Pale ndipo maji ya deki yalikuwa yanatuama miaka yote, na mimi nikidhani ni shoga yangu hajui kupiga deki.

Dukani nimezikutanisha za 120 uso kwa uso. Kwenye ncha iliingia sarafu ya mia mbili bila kusukuma. Zile za 15 kwa 90, duka jingine, kucha tu ndiyo iliingia. Nikazipanga maboksi mawili chini, tailizi 16. Nilihesabu sura 12 ndipo ya kwanza ikarudi. Nimemwaga maji na sabuni nikakanyaga, mguu umetulia, vijana wa dukani wamepiga picha. Ni poseleni, maji yamekaa yananiangalia. Boksi lina tailizi 8, mita 1.08. Nimegawa nimepata 32 na nukta, nachukua 33.

Maswali yamebaki mawili. Kile kishimo cha mlangoni fundi anataka kukijaza kwa mchanga na saruji. Na mlango wa geti la chuma, ukinyanyua sakafu si utasugua?

---

FundiMwiko

Umechagua vizuri. Ningekuwa mimi ningechukua hizohizo.

Kishimo cha milimita 9 usijaze kwa mchanga na saruji. Katikati itakuwa nene kidogo lakini pembeni inaisha kuwa kama ganda la yai, na ganda hilo litabanduka na tailizi zako juu yake. Nunua ile saruji ya mfuko ya kusawazishia sakafu, inamiminwa kama uji mwepesi, inajitafutia usawa yenyewe. Muhimu nta iwe imetoka kabisa, na afuate muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mfuko, si wa kichwani mwake. Wala asijaribu kukijaza kwa gundi ya tailizi. Gundi ikiwekwa nene inasinyaa, asubuhi unakuta tailizi imeshuka.

Mlango: tailizi milimita 9 au 10, gundi 5 mpaka 6, hesabu sakafu inapanda kama 15. Milango ya mbao seremala aipunguze chini kabla, siyo baada, maana wakiipitisha randa juu ya sakafu mpya utalia. Geti la chuma kama linafungukia nje, halikuhusu. Kama linafungukia ndani, mwite mtu wa kuchomelea mapema, na kazi aifanyie nje ya nyumba, cheche za grainda zikiruka kwenye tailizi zinaacha vidoti vya kutu.

Mwelekeo hujauliza lakini nitasema. Korido ziende kwa urefu wake, usiruhusu zikate korido, itakuwa kama ngazi ya kulala. Kutoka koridoni ziingie sebuleni bila kugeuka kama ramani inaruhusu.

Grauti isiwe nyeupe. Grauti nyeupe inageuza mbao kuwa daftari la mistari. Tafuta rangi iliyo karibu na mistari ya giza ya tailizi. Ikiwa mbichi inakudanganya, inaonekana nzito kuliko itakavyokuwa. Koroga kijiko kimoja, paka kati ya vipande viwili vya kutupa, acha siku nzima, ndipo uamue.

---

MamaTunu_Tanga

Wiki sita zimepita, nimerudi na taarifa maana humu watu wanauliza wanapotea.

Kuchonga kulichukua siku tatu. Vumbi lilikuwa jekundu, lilikaa mpaka kwenye sukari. Fundi wa pili ndiye niliyempa kazi, nikamsomea maneno yenu kwenye simu. Ya theluthi alikuwa anayajua. Ya kung'oa tailizi ya tatu hakuyapenda. Alisema "mama, hiyo ni kunipima". Nikamwambia na mimi wateja wananigeuzia gauni kuangalia mshono wa ndani, sijafa. Akaing'oa. Pembe moja ilikuwa kavu kabisa, saizi ya kiganja, gundi haijagusa. Hakusema neno, aliongeza gundi nyuma ya kila moja tangu hapo, na saa kumi aling'oa nyingine mwenyewe bila kuambiwa. Ile ilikuwa imejaa yote.

Usiku kabla hajaanza kubandika nilifanya mambo yangu. Nilifungua maboksi kumi, nikazipanga kavu kwenye sehemu iliyochongwa, nikiwa na tochi. Hizi hazina kiluwiluwi, zina kovu jembamba kama mshono uliofumuka. Nilizitenga zote zenye kovu, nikazigawa: mbili chini ya kabati, nne chini ya kochi kubwa, nyingine za kukatwa mwisho wa mistari. Mume wangu alitoka chumbani saa saba usiku, akanikuta nimepiga magoti, akauliza hivi hela ya mchezo si ilikuwa ya kuondoa kupiga magoti? Sikumjibu.

Yaliyoharibika: geti linafungukia ndani, mchomeleaji alichelewa, wakalikata baada. Kazi aliifanyia uani, sawa, lakini kizingiti kilikuwa kimeshawekwa na kipande kimoja kimemeguka pembe. Kimebadilishwa. Maboksi yaliyobaki ni mawili kamili na tailizi tatu, yako uvunguni, nimeandika namba zake kwenye karatasi nikabandika ndani ya mlango wa kabati.

Grauti nilipima kijiko kama ulivyosema, nikaona rangi ya mkandaa, nikaridhika. Sakafuni imekauka chai ya maziwa. Fundi alizidisha maji siku ya pili, nilimwona na nilinyamaza kwa sababu alikuwa amefunga. Sebule na korido zina rangi zinazopishana kidogo sana. Mimi naona.

Jua la jioni limeingia dirishani juzi, nikalala kifudifudi kabisa, shavu chini, kutafuta vijino. Nimepata viwili, vyote karibu na mlango. Tunu naye akalala pembeni yangu akauliza tunatafuta nini.

Kovu moja lilinitoroka, liko katikati ya korido, mbele ya mlango wa chumba cha wageni. Watoto wamelipa jina la mjomba wao.

Jikoni bado ni niru. Nta imebaki kopo moja na robo.